Banda Ndilo Linaloua Sungura

Sungura akifa bandani usiku, mtuhumiwa wa kwanza huwa nyoka. Wa pili ni paka wa jirani. Wa tatu hatajwi kwa sauti, ila hawakosekani watakaonong'ona kwamba mtaani kuna mtu mwenye jicho baya. Ni nadra mtu kuinama akachungulia chini ya banda lenyewe, akanusa, akaweka kiganja juu ya bati la paa saa nane mchana, kisha akajiuliza kama mnyama wake ameuawa na kilichotoka nje au na kile kilichojengwa ili kumlinda.

Mabanda mengi ya uani kwetu yamejengwa kama ngome: mbao nene, kufuli, wavu mara mbili, mlango usiopitisha hata kidole. Adui mwenye meno yupo kweli, na nitamfikia. Lakini maoni yangu ni kwamba sungura wanaofugwa kwa mapenzi, wale wawili watatu walionunuliwa kwa ajili ya watoto na kupewa majina, huuawa zaidi na joto, unyevu, kiu na chakula kibaya kuliko na nyoka na paka wote kwa pamoja. Na banda lililozibwa vizuri dhidi ya paka mara nyingi ndilo hilohilo lisilopitisha hewa.

Joto kwanza, kwa sababu linaua haraka na haliachi alama. Sungura wa kufugwa hana undugu wa karibu na yule anayetimua mbio kwenye mbuga zetu. Asili yake ni Hispania, Ureno na kusini mwa Ufaransa, na wazee wake waliishi kwenye mashimo waliyochimba wenyewe, ambamo mchana na usiku havitofautiani sana kwa ubaridi. Wa porini kwetu hulala juu ya ardhi kichakani, na watoto wake huzaliwa na manyoya, macho yakiwa wazi. Wa bandani huzaliwa uchi na kipofu, kwa kuwa alitakiwa azaliwe shimoni. Alfajiri na magharibi hutoka, mchana hujificha. Ukimpandisha mnyama wa namna hiyo kwenye sanduku la mbao na kuliacha juani, umemnyima kitu ambacho mwili wake wote ulikitegemea.

Hatoki jasho la kumpoza, na kuhema kunamsaidia kidogo tu. Njia yake kubwa ya kutoa joto ni masikio, yenye mishipa mingi ya damu chini ya ngozi nyembamba, na masikio hayo hayafui dafu ikiwa hewa inayoyazunguka ina joto karibu sawa na damu yenyewe. Hujisikia vizuri kati ya nyuzi 15 na 20 hivi za Selsiasi. Zikifika 25 anaanza kutafuta kivuli, zikipita 30 yuko hatarini. Dar es Salaam, kuanzia Januari hadi Machi, nyuzi 32 ni jambo la kawaida, na unyevu wa bahari juu yake. Hizo zinapimwa kivulini. Chini ya bati lisilo na dari ni habari nyingine.

Pita saa nane kwenye banda la namna hiyo utazame. Sungura amelala ubavu, miguu ya nyuma ameinyoosha, jambo ambalo siku ya baridi ni dalili ya starehe. Hapa siyo. Pua, ambayo anapopumzika hutikisika polepole, sasa inatikisika bila kituo. Tundu zake zimetanuka na zina majimaji. Masikio ukiyashika yana moto. Manyoya ya kidevuni yamelowa mate. Ukimfungulia mlango hasogei. Akifikia hapo zimebaki dakika, si saa. Mpeleke kivulini, mloweshe masikio kwa maji ya kawaida, yasiwe ya barafu, kwani baridi kali hubana mishipa ileile unayotaka itoe joto. Mwekee maji ya kunywa karibu, usimlazimishe.

Dawa yenyewe iko kwenye paa. Makuti, ambayo watu wa pwani wanayaacha kwa sababu bati linaonekana la kisasa, ni bora kwa sungura kuliko bati lolote. Asiyeyapata aezeke bati, halafu juu yake aweke tabaka la pili la nyasi au mbao, akiacha nafasi ya upana wa kiganja kati ya matabaka hayo ili hewa ya moto ipite. Kivuli cha mwembe kinashinda vyote, ila msimu ukifika, embe bivu likidondoka juu ya bati usiku wa manane linatosha kumrusha sungura mpaka darini.

Kisha uelekeo. Banda refu lilazwe mashariki-magharibi, ili jua la asubuhi na la alasiri ligonge zile pande mbili fupi, nazo zizibwe kwa mbao. Upande mrefu ulio wazi utazame kaskazini au kusini. Hapa mtu wa pwani ana neema na kero kwa pamoja. Upepo wa kaskazi, unaovuma kuanzia Desemba hadi Machi, ndio unaopunguza makali ya miezi ya joto, kwa hiyo uwazi wa kaskazini usizibwe hata kidogo. Kusi ikiingia, pamoja na mvua za masika, upande wa kusini ndio unaopigwa. Pazia la turubai au la magunia upande huo, linalokunjwa na kushushwa, ni rahisi kuliko kutibu mafua ya sungura, ambayo tutaona kwamba hayatibiki kirahisi.

Huko Tunisia na Misri kuna wafugaji waliotatua joto kwa kumrudisha sungura alikotoka: chumba kidogo chini ya ardhi, kilichounganishwa na kizimba cha juu. Si kila mtu atachimba. Lakini mtungi mkubwa uliovunjika mdomo, ukilazwa ubavu pembeni mwa banda, huwa na ubaridi kuliko ubao, na sungura huingia mwenyewe jua linapopanda. Chupa ya maji ya lita moja na nusu, iliyogandishwa na kuviringishiwa kitambaa, nayo hufaa kwa saa chache. Anaiegemea kwa ubavu akafumba macho.

Baridi haina taabu kiasi hicho. Sungura wa Njombe, Lushoto au Limuru, akiwa mkavu na ana nyasi kavu za kutosha kwenye kisanduku cha kulalia, huupita usiku wa Julai vizuri kuliko bwana wake. Kinachomwangusha huko ni upepo unaopenya kwenye nyufa na ukungu unaolowesha matandiko.

Nikiruhusiwa kukagua sehemu moja tu ya banda, nitakagua sakafu. Kinyesi cha sungura ni punje kavu zisizo na harufu kali. Mkojo ndio wenye matata. Ukituama hutoa amonia, ile hewa inayowasha macho unapofungua banda lililoachwa siku tatu. Wewe unaivuta kwa dakika moja ukiwa umesimama. Yeye anaivuta usiku kucha, pua ikiwa sentimita chache kutoka sakafuni. Amonia huchubua utando wa pua na koo, na bakteria aitwaye Pasteurella multocida, ambaye sungura wengi wanaye puani bila kuumwa, hupata upenyo. Ndipo unaona chafya, kamasi nyeupe, na manyoya ya miguu ya mbele yamegandamana kwa sababu ndiyo anayojipangusia. Wafugaji huyaita mafua tu, lakini yakishakomaa ni vigumu kuyamaliza. Yanatulizwa, kisha yanarudi.

Mkaazi wa pili wa sakafuni ni koksidia, vimelea vya jamii ya Eimeria, ambavyo huua zaidi watoto waliotoka kuachishwa ziwa. Mtoto anaharisha, tumbo linajaa, mgongo unabaki mifupa. Katika maisha ya kimelea hiki kuna jambo lenye faida kubwa kwa mwenye banda: yai lake likitoka na kinyesi haliambukizi papo hapo. Linahitaji unyevu, hewa na joto kwa muda wa siku moja hadi nne hivi ndipo likomae. Maana yake, anayefagia kila asubuhi na kuiweka sakafu kavu hukata mzunguko kabla haujafunga, bila kununua dawa. Anayefagia kila Jumamosi anafagia mayai yaliyokwisha komaa, baada ya mnyama kuyala.

Sasa sakafu iwe ya nini? Wavu wa chuma hupitisha uchafu vizuri, ndiyo maana wafugaji wa biashara wanaupenda. Lakini unyayo wa sungura hauna ngozi ngumu ya kukanyagia aliyo nayo paka au mbwa. Una manyoya tu. Mnyama mzito akikaa juu ya waya mwembamba mwezi baada ya mwezi huchubuka visigino mpaka nyama, na vidonda hivyo huvioni mpaka umgeuze. Ubao mtupu nao hunywa mkojo ukaoza. Mafundi wengi hutumia vipande vya mbao zilizopigwa randa, au mianzi iliyopasuliwa, vikipangwa kwa nafasi ya sentimita moja na nusu hivi, nami nawaunga mkono. Asiyependa hivyo aweke wavu wa nusu inchi, lakini nusu ya eneo lake ifunikwe kwa ubao wa kupumzikia unaoweza kutolewa nje. Mbao ziwe mbili, moja ikiwa bandani nyingine inasuguliwa na kuanikwa. Koksidia huzidharau dawa nyingi za kusafishia, ila ukavu na jua kali haziwezi.

Wafugaji wa Kenya wana mbinu ninayoipenda. Chini ya sakafu ya wavu huweka bati lililoinamishwa, lenye mfereji unaomwaga mkojo kwenye dumu. Mkojo huo siku hizi ni bidhaa, unauzwa kwa wakulima wa mboga kama mbolea na kifukuza wadudu. Baadhi ya sifa wanazoumwagia wauzaji ni za kupunguza nusu. Hata hivyo, bandani faida ni ya wazi, kwa sababu mkojo unaondoka kabla haujaoza. Na ukiukuta una wekundu wa kahawia, usianze kuaga. Rangi za majani huweza kuufanya hivyo, na ule weupe wa maziwa ni kalsiamu ya ziada. Damu ya kweli hutoka kwa matone au mabonge ndani ya mkojo, na kwa jike la umri mkubwa huweza kuwa ishara ya uvimbe kwenye kizazi. Huyo apelekwe kwa daktari.

Tumrudie adui wa nje. Watu humwaza chatu. Mimi namwogopa zaidi siafu. Msafara wao hutembea usiku, hasa mvua zinapoanza, na mnyama aliyefungiwa hana pa kukimbilia. Wakiingia kwenye kisanduku cha watoto wachanga hawabakizi kitu. Kinga yake ni ya siku nyingi: kila mguu wa banda usimame ndani ya kopo lenye maji yaliyotiwa oili chafu, ambayo pia huzuia mbu wasizaliane humo. Watu wengi hufanya hivyo, halafu wanasahau daraja. Jani moja refu la nyasi linalogusa ukuta wa banda, kamba ya kuanikia nguo iliyofungwa kwenye nguzo yake, fagio lililoegemezwa jioni na kuachwa hapo: siafu hawahitaji zaidi ya hicho.

Panya nao hula chakula, hukojolea maji, na hula watoto. Wavu wa kuku hauwazuii. Tundu zake ni kubwa, na mbwa mwenye nia huufumua kwa meno. Wavu uliochomelewa wa tundu za nusu inchi ndio wenye maana, upigwe kwa misumari ya U kuzunguka ukingo wote, maana kanu na nguchiro wanahitaji mwanya wa kutosha kichwa tu. Komeo liwe la kufunga kwa pini au kufuli ndogo. Sungura akitolewa kucheza kwenye uzio wa nyasi mchana, uzio huo uwe na kifuniko. Mwewe hupiga mara moja, na kunguru wa Bara Hindi waliojaa Dar es Salaam, Zanzibar na Mombasa hawaoni tofauti kubwa kati ya kifaranga na mtoto wa sungura.

Mbwa hana haja hata ya kuvunja. Akizunguka banda usiku kucha akibweka na kukwaruza, sungura huweza kufa kwa mshtuko, au akaruka gizani na kuvunjika mgongo. Kwa hiyo ndani ya banda lazima pawe na chumba kisicho na wavu, chenye kimlango kidogo, ambamo hamwoni mbwa na mbwa hamwoni yeye. Ni kitu ambacho mafundi wetu wengi hawakiweki. Wanazungushia wavu pande zote ili watoto wamwone vizuri, na mnyama ambaye silaha yake pekee duniani ni kujificha anabaki hadharani saa 24.

Nyoka? Hufuata panya, na panya hufuata pumba zilizomwagika. Fagia pumba.

Kuna imani iliyosambaa karibu nchi zote za Afrika Mashariki kwamba sungura hanywi maji, na kwamba akinywa huharisha akafa. Sijui imani nyingine ya uani iliyoua sungura wengi kuliko hiyo. Ina chanzo kinachoeleweka. Anayekula majani mabichi hupata maji mengi ndani yake, kwa hiyo wakati wa mvua anaishi bila bakuli na mwenyewe anaona imethibitika. Tena akiwekewa maji machafu kwenye kopo lenye kutu, ni kweli huharisha, na imani inapata shahidi wa pili. Kiangazi kikija, nyasi zikakauka, chakula kikawa pumba, mnyama huyohuyo hukaukiwa tumbo. Sungura wa kilo 2 anahitaji kati ya mililita 100 na 300 kwa siku, na zaidi joto likipanda. Jike aliyezaa akikosa maji hupungukiwa maziwa, na kiu ni mojawapo ya sababu za jike kula watoto wake, jambo ambalo watu hulieleza kwa ukatili au mkosi. Bakuli zito la udongo au saruji asiloweza kulipindua linatosha, lioshwe kila siku.

Chakula chake ni nyasi. Meno yake ya mbele huota zaidi ya sentimita 10 kwa mwaka na hayaachi kuota mpaka afe. Nyasi ndizo zinazoyasaga. Utumbo wake huendeshwa na nyuzinyuzi ndefu, ukisimama hauamki wenyewe kirahisi, na hawezi kutapika. Kwa hiyo robo tatu ya anachokula, au zaidi, ziwe nyasi, mbichi au kavu, mbele yake usiku na mchana. Matembele, kishona nguo, mchunga na majani ya mgomba yapishane. Kabichi na sukuma wiki ziwe kidogo, kwa sababu ya gesi. Karoti ya kwenye vitabu vya watoto ni sukari tupu, kipande kwa siku kimetosha. Ukimwona anainamisha kichwa hadi nyuma na kula kitu laini kinachotoka, mwache. Ni kinyesi cha aina ya pili, chenye virutubisho, na asipokila ndipo uulize.

Wazee husema nyasi za umande huvimbisha tumbo. Umande wenyewe hauna kosa. Kosa liko kwenye nyasi zilizofyekwa, zikashindiliwa kwenye gunia, zikakaa mpaka mkono ukizama katikati ya rundo unasikia joto. Hizo zimeanza kuchacha. Zitandazwe kivulini zinyauke, jambo ambalo wazee haohao wamekuwa wakilifanya siku zote, hata kama maelezo yao ni mengine. Parachichi asipewe, tunda wala jani. Majani ya nyanya, ya viazi mviringo na ya mnyonyo vilevile.

Hatari isiyojulikana sana ni chakula cha kuku. Kinapatikana kila kona na sungura anakipenda. Kina nyuzinyuzi kidogo mno, na baadhi ya vyakula vya kuku wa nyama vimechanganywa dawa za kuzuia koksidia za kuku, kama salinomisini na narasini, ambazo kwa sungura ni sumu. Mwenye nyumba anajua amempa mnyama wake chakula cha dukani, cha gharama, kisha anamkuta amepooza miguu. Pumba zenye ukungu nazo zitupwe mbali, wasipewe hata kuku. Sumukuvu iliyoua watu 125 mashariki mwa Kenya mwaka 2004 kupitia mahindi haitamwonea huruma mnyama wa kilo mbili.

Vitabu vingi vya kumfuga sungura kama mnyama wa nyumbani vimeandikwa Uingereza, ambako kisanduku cha mbao cha uani kilikuwa mahali pa kunenepeshea kitoweo kabla hakijawa makazi ya mnyama wa watoto. Waingereza wenyewe wanakisuta siku hizi. Shirika lao la ustawi wa sungura, Rabbit Welfare Association and Fund, limeendesha kampeni ya kusema kwamba banda pekee halitoshi, na linataka sungura wawili wapate eneo la mita 3 kwa 2, kimo mita 1, muda wote. Hapo nakubaliana nao, na visanduku vya mita moja kwa nusu mita vinavyouzwa kando ya barabara zetu ni vya kusafirishia. Anayejenga kwa nafasi ndogo ahakikishe angalau mnyama anaruka mara tatu mfululizo bila kugonga ukuta, na anasimama kwa miguu ya nyuma masikio yakiwa wima, kisha banda liunganishwe na uzio wa kukimbilia. Lakini vitabu hivyohivyo vinafundisha kuziba. Vinaziba theluji, vinaziba upepo wa Januari, vinamziba mbweha. Msomaji wa Tanga anayeviiga neno kwa neno anaziba kaskazi, upepo pekee uliokuwa unamwokoa sungura wake.

Asiwe peke yake. Ni wanyama wa kundi, na anayekaa mpweke huanza kutafuna mbao, kung'oa manyoya yake au kunyamaza kabisa. Tatizo ni nani na nani. Madume mawili yakikomaa hupigana na kuumizana korodani. Dume na jike ni hesabu inayokimbia: mimba ni siku 31 hivi, na jike huweza kupandwa tena siku ileile aliyozaa. Uingereza huwahasi, na hilo ni jambo la kawaida kwa madaktari wao. Hapa kwetu, kabla ya kumlaza sungura mezani, muulize daktari kama amewahi kumlaza mwingine, kwa sababu dawa ya usingizi inayomfaa mbwa huweza kummaliza yeye. Wengi wataona majike mawili ya tumbo moja ndiyo njia rahisi, ila muuzaji asiaminiwe kuhusu jinsia. Wa sokoni huuza "majike mawili" yakazaa. Na abebwe kwa mikono miwili, mmoja chini ya makalio. Kumnyanyua kwa masikio ni mazoea mabaya tuliyoyarithi, na mnyama anayetapatapa hewani huweza kujivunja mgongo kwa teke lake mwenyewe.

Ugonjwa atakaoukuta karibu kila mfugaji ni ukurutu. Utitiri wadogo wasioonekana kwa macho huchimba ngozi ya pua, kingo za masikio na vidole, na magamba meupe yanatokea. Aina moja huwasha hata mikono ya anayewashika. Kuna watu hupaka oili chafu ya gari. Mnyama anailamba, na anachokufa nacho si ukurutu tena. Ivermektini ya sindano inatibu vizuri, lakini ile ya mbuzi na ng'ombe ni kali: sungura wa kilo 2 anahitaji chini ya sehemu moja ya kumi ya mililita, kisha arudiwe baada ya wiki mbili hivi, na wenzake wote watibiwe siku hiyohiyo, banda lisuguliwe. Bwana mifugo apime, usikadirie kwa macho. Dawa za viroboto wa mbwa zenye fipronili zisimguse. Penisilini, ampisilini na amoksilini za mdomo, ambazo kila nyumba ina mabaki yake kabatini, huua bakteria wema wa tumbo lake na kumfungulia mlango wa kifo cha kuharisha. Nyuma ya mnyama anayeharisha pawe safi na pakavu, maana nzi hutaga hapo na mabuu huingia mwilini ndani ya siku moja.

Kuna ugonjwa mmoja mkubwa wa kujihadhari nao: homa ya kutoka damu ya sungura, iliyoonekana kwanza China mwaka 1984. Aina yake mpya ilizuka Ufaransa mwaka 2010, ikaripotiwa Nigeria mwaka 2020 na Afrika Kusini mwaka 2022. Huua ndani ya siku mbili tatu, wakati mwingine kwa damu puani, na husafiri kwa viatu, vyombo, nzi na majani mabichi. Ulaya wana chanjo. Asiye nayo ana kitu kimoja cha kufanya, nacho ni kumtenga kila sungura mgeni kwa wiki mbili tatu kabla ya kumchanganya, na kutoazima vyombo vya mfugaji mwenzake. Lakini hata pasipo ugonjwa wowote wenye jina, sungura aliyepitisha saa 12 bila kula na bila kutoa punje za kinyesi ni mgonjwa wa leo. Akisubirishwa mpaka kesho, utumbo utakuwa umeshasimama.

Je, kila nyumba inafaa kuwa na banda la nje? Hapana. Ua wa saruji usio na mti, katika nyumba ambayo wote wanatoka saa 12 asubuhi na kurudi saa 1 usiku, haumfai sungura wa Dar es Salaam au Mombasa katika miezi ya kaskazi, hata banda liwe zuri namna gani. Huyo akae ndani mchana. Sakafu ya vigae humpoza tumbo vizuri, na kwa kuwa kwa tabia yake hukojoa kona moja, beseni pana lenye nyasi kavu kwenye kona hiyo atalizoea upesi. Shida ya ndani ni nyaya. Wa chaja ya simu hukatwa mara moja na hasara yake ni chaja. Wa friji hukatwa vilevile, ila huo una umeme wa volti 230, kwa hiyo upitishwe ndani ya bomba la plastiki la mafundi umeme, au uinuliwe ukutani, kabla sungura hajaingizwa.